Folda Yenye Jina la Tsai Chin-fa

Houbi, 11 Septemba 2023

Kwa Msaidizi wa kozi ya Utangulizi wa Kompyuta,

Naomba msaada. Nimefuata karatasi ya maelekezo mliyotutumia, ukurasa wa kwanza hadi wa nne, na nimejaribu kuiweka ile programu ya kuandikia msimbo mara tatu. Mara zote tatu imefika karibu na mwisho, ikatoa mstari mwekundu, ikasimama. Nimezima, nimewasha, nimefuta, nimeanza upya. Mstari ni uleule. Nimeunakili hapo chini neno kwa neno, ila katikati yake kuna vijisanduku vitatu ambavyo sijui vinaandikwaje, kwa hiyo nimeacha nafasi.

Maelekezo yanasema kwamba asiyewasilisha zoezi la kwanza kabla ya saa sita mchana, Jumatano tarehe 27, ataondolewa kwenye kozi. Je, huondolewa kweli, au imeandikwa hivyo ili watu wasilegee?

Samahani kwa usumbufu.

Hsieh Pi-yun


Taichung, 12 Septemba 2023

Ndugu Tsai Chin-fa,

Asante kwa kuandika. Kabla ya yote, nimelitafuta jina lako kwenye orodha yetu ya wanafunzi mia moja themanini na sita, na halimo. Kama unamwandikia mtoto wako, tafadhali mwache aandike mwenyewe. Profesa ni mkali sana juu ya jambo hili.

Kuhusu kusimama kwa programu: hakikisha diski ina nafasi ya kutosha, zima kinga ya virusi kwa muda, kisha anza upya. Asilimia tisini ya matatizo huishia hapo.

Ndiyo, huondolewa kweli.

Keh Yi-hsun
Msaidizi wa Profesa


Houbi, 13 Septemba 2023

Mwalimu Keh,

Mwanafunzi ni mimi. Jina langu ni Hsieh Pi-yun, naamini nipo kwenye orodha, niliandikishwa mwezi wa saba. Anwani hii ya barua pepe ni ya mume wangu, na kompyuta pia ni yake, ndiyo maana unaona jina lake. Nina miaka hamsini na minne. Nimepika kwenye jiko la shule ya msingi kwa miaka ishirini na miwili, na kabla ya mwezi huu kompyuta nilikuwa naifuta vumbi tu.

Nafasi ya diski ipo. Kinga ya virusi nimeizima, na nilikaa na hofu muda wote ilipokuwa imezimwa. Mstari mwekundu umerudi.

Tafadhali usinifute kwenye orodha.

Hsieh Pi-yun


Taichung, 14 Septemba 2023

Shikamoo Bi Hsieh,

Naomba radhi sana. Nilisoma jina la mtumaji nikaishia hapo. Siku hizi napata barua sitini kwa siku. Kwenye orodha upo, nambari 151.

Sasa nimeusoma mstari wako vizuri na nimeona shida iko wapi. Kompyuta ilipowashwa mara ya kwanza, mumeo aliingiza jina lake kwa herufi zetu za Kichina, na kompyuta ikamtengenezea folda yenye jina hilo. Kila kitu chake kimo humo. Programu yetu inataka kukaa ndani ya folda hiyo, lakini walioiunda hawakuwazia herufi kama zetu. Ikifika kwenye jina la mumeo inaona vijisanduku vitatu, inashindwa kupita.

Dawa yake ni rahisi. Mwombe mumeo abadilishe jina la folda liwe kwa herufi za Kiingereza, hata “tsai” tu inatosha. Nimekuambatishia hatua tisa. Ni kazi ya dakika kumi.

Keh Yi-hsun


Houbi, 18 Septemba 2023

Mwalimu Keh,

Asante kwa hatua tisa. Nimezichapisha na kuzisoma mara nyingi. Nina maswali mawili.

La kwanza, jina likibadilishwa kwenye folda, litabaki kwingine? Ninapowasha asubuhi, jina lake hutokea katikati ya kioo, na chini yake picha ya korongo aliyoipiga mwenyewe kwenye mfereji. Hilo litabaki?

La pili, hakuna njia ya kuipitisha programu pembeni, bila kugusa folda?

Najua utasema nitumie kompyuta nyingine. Mpwa wangu alishanipa yake ya zamani. Lakini kwangu lazima iwe hii. Siwezi kueleza sababu kwa urefu.

Mume wangu sijamwuliza bado.

Hsieh Pi-yun


Taichung, 19 Septemba 2023

Shikamoo Bi Hsieh,

Zimebaki siku nane. Nisamehe nikisema wazi: mwaka jana wanafunzi arobaini na mmoja waliondolewa kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo, kwa sababu tu programu iligoma kukaa. Mwaka huu Profesa amenikabidhi kazi ya kulizuia hilo, na jana aliniuliza mbele ya wenzangu ni wangapi bado. Nilimwambia hakuna. Nilisema hivyo kwa kuwa nilijua shida yako ni ya dakika kumi.

Kama mumeo anasitasita, mweleze kwamba hapotezi chochote. Au niruhusu nimweleze mimi.

Keh Yi-hsun


Taichung, 20 Septemba 2023

Bwana Tsai Chin-fa,

Shikamoo. Hatufahamiani. Mimi ni msaidizi katika kozi anayosoma mke wako. Naandika kwako moja kwa moja kwa kuwa yeye, naona, anaona haya kukuomba.

Jina lako kwenye folda ya kompyuta linaizuia programu ya masomo. Kulibadilisha hakuondoi heshima yako wala faili zako. Naelewa mtu kutopenda vitu vyake viguswe. Baba yangu hatuachii hata bisibisi. Lakini mke wako amejifunza peke yake kwa siku tisa mambo ambayo vijana wa miaka kumi na minane wananipigia simu wakilia. Sijawahi kumwona, ila nakuhakikishia ana kichwa kizuri. Tafadhali mpe nafasi.

Wako kwa heshima,
Keh Yi-hsun


Houbi, 21 Septemba 2023

Mwalimu Keh,

Barua yako kwa mume wangu imefika na imesomwa. Hakuna pingamizi.

Nitafanya kesho asubuhi nikitoka sokoni, wakati nyumba imetulia. Asante kwa ulivyonisemea kwake. Hayo ya kichwa kizuri yeye aliwahi kuyasema, ila mimi nilidhani anataka nimkaangie kitu.

Hsieh Pi-yun


Houbi, 22 Septemba 2023, saa nne asubuhi

Mwalimu Keh,

Naandika kwa simu, kwa kidole kimoja, nisamehe makosa. Nimefuata hatua zote tisa, nimeweka alama kwa kalamu kila nilipomaliza moja. Kompyuta imejizima, imewaka, na ndani hamna kitu. Korongo hayupo. Faili zake hazipo. Kioo ni cha bluu kitupu kama cha dukani, na pembeni kuna maandishi kwamba nimeingia kwa muda na nitakachoandika kitapotea.

Uliandika kwamba hapotezi chochote. Hawezi kuandika tena vilivyokuwemo. Mume wangu alifariki mwezi wa pili mwaka jana, alianguka kando ya mfereji akiwa kazini, kiharusi. Nilipaswa kukuambia tangu mwanzo. Kila ulipoandika “mwambie mumeo”, niliona kama kuna mtu mmoja duniani ambaye kwake bado yupo, nikashindwa kusahihisha.

Niambie nifanye nini. Nimekaa mbele ya kompyuta, mikono nimeikalia nisije nikagusa kitu.

Pi-yun


Taichung, 22 Septemba 2023, saa nne na dakika ishirini

Mama,

Usizime. Usiwashe. Usifungue wala kuhifadhi kitu chochote. Acha kama ilivyo, chomeka waya wa umeme, ondoka kwenye kiti, nenda ukanywe maji.

Naamini havijapotea. Nimesema naamini, sitasema tena nina hakika. Napanda treni ya saa tano kasorobo. Nitumie jina la barabara.

Yi-hsun


Taichung, 24 Septemba 2023

Shikamoo Mama,

Nimefika salama. Zile figili kavu ulizonifungia, mwenzangu wa chumbani kazimaliza na wali mweupe, akaniuliza nitarudi tena Houbi lini.

Kuna jambo sikuweza kulisema nikiwa kwako, kwa sababu ulikuwa umeshaniwekea uji wa samaki na kijiko mkononi. Zile hatua tisa sikuziandika mimi. Nilizinakili kutoka kwenye ukurasa mmoja wa mtandao na sikuwahi kuzijaribu kwenye mashine yoyote. Hatua ya kumi ilikuwepo chini ya tangazo, nami sikuiona. Bila hiyo ya kumi, kompyuta iliendelea kumtafuta Bwana Tsai kwa jina lake la zamani, ikakuta hakuna mtu wa jina hilo, ikakupa meza tupu ya wageni. Vitu vyake vilikuwa palepale muda wote. Ila kama ungeanza kubonyeza na kufuta kwa hofu, sijui leo tungekuwa tunasema nini. Uliniokoa kwa kukalia mikono.

Nilipolirudisha jina na korongo akatokea, niliona umegeukia dirishani. Nami nilijifanya natafuta miwani.

Dawa niliyopaswa kukupa tangu siku ya kwanza ndiyo ile tuliyofanya Ijumaa: akaunti yako mwenyewe kwenye mashine hiyohiyo, jina lako kwa herufi za Kiingereza, na programu ndani yake. Yake imebaki kama alivyoiacha, na ukiwa kwenye yako unaweza kusoma faili zake. Ni kama nyumba moja, milango miwili.

Profesa nimemwambia kwamba nilidanganya. Ameniuliza tu kama nambari 151 sasa inaandika. Nikasema sijui. Tafadhali nijulishe kabla ya Jumatano.

Yi-hsun


Houbi, 26 Septemba 2023

Kijana wangu Yi-hsun,

Zoezi nimeliwasilisha leo saa mbili na nusu asubuhi. Kompyuta ilitakiwa kuuliza umri wa mtu na kumwambia atafikisha sitini mwaka gani. Mara ya kwanza iliniambia nilishafikisha sitini mwaka 1909. Niliweka kutoa mahali pa kujumlisha. Nikarekebisha, ikanipa 2029, nikakaa kuitazama namba hiyo.

Umekiri lako, na mimi nikiri langu. Uliniuliza mezani kwa nini lazima iwe mashine hii nami nikakusogezea sahani. Chin-fa alikuwa mtunza malango ya maji kwenye tawi la tatu la mfereji. Mashamba kumi na moja ya mpunga yanapokea maji kwa zamu, kila moja kwa dakika zake, na zamu hizo alikuwa anazipanga kwa programu aliyoiandika mwenyewe. Januari ya kila mwaka alichapisha karatasi, akaibandika ukutani hekaluni, na hakuna aliyebisha. Tangu amefariki wanatumia karatasi yake ya mwisho. Lakini Wu wa shamba la pili ameuza nusu, wa la tano ameacha kulima, na karatasi haijui hayo. Msimu uliopita wakulima wawili waligombea maji, Liao akampiga Mzee Hung kwa mpini wa jembe pale langoni, mkono ukavunjika. Mzee ana miaka sabini na minane. Wamesoma darasa moja hao.

Mwenyekiti wa wakulima alikuja kuniuliza kama kuna kitu kwenye kompyuta ya marehemu. Nikamwonyesha, hakuelewa, na mimi sikuelewa. Alitaka kuipeleka kwa fundi mjini. Nikasikia mdomo wangu unasema, niachieni, nitaisoma mimi. Watu waliokuwepo walitazama chini kwa adabu.

Kwa hiyo maji yanafunguliwa mwezi wa pili na mimi ndio kwanza najua tofauti ya kujumlisha na kutoa. Sasa unajua kwa nini silali vizuri.

Hsieh Pi-yun


Houbi, 9 Januari 2024

Yi-hsun,

Miezi mitatu sijakuandikia nje ya mazoezi, na mazoezi unayaona mwenyewe, mengine bora usingeyaona. Mtihani umepita. Sasa nimefungua programu ya Chin-fa.

Nilidhani nitakuta msitu. Nimekuta mistari mia mbili na kumi, na mingi naijua: hapa anasoma orodha ya mashamba, hapa anagawa saa kwa eneo, hapa anachapisha. Aliandika kama alivyokuwa akikunja nguo, kingo kwa kingo. La Wu nimeshalirekebisha, la tano nimeshaliondoa, na inakubali.

Kuna mistari miwili tu, wa 144 na wa 145, ambayo sielewi. Nimeinakili hapo chini. Nikiendesha programu, jumla inatoka sawa, lakini dakika za mashamba mawili haziendani na ukubwa wake. Nimepiga hesabu kwa mkono mara tano. Mkutano wa wakulima ni tarehe 20 na Liao atakuja na kikokotoo. Nikisimama mbele yao na karatasi yenye kosa, watarudi kwenye majembe.

Je, nimeharibu kitu nilipogusa la Wu?

Pi-yun


Taichung, 10 Januari 2024

Shikamoo Mama,

Hujaharibu. Safari hii nimeijaribu mwenyewe kwenye mashine tatu kabla ya kukujibu.

Mistari hiyo miwili ni myepesi. Baada ya kugawa kwa haki, wa 144 unatoa dakika arobaini kwenye shamba la kumi na moja, na wa 145 unaziongeza kwenye shamba la tisa. Kila zamu, kila msimu. Hakuna maelezo yoyote pembeni, na mahali pengine pote Bwana Tsai ameacha maelezo. Kwa jinsi ninavyoona, huenda ni kosa, au alikuwa anajaribu kitu akasahau kukitoa. Tarehe ya faili inaonyesha imekuwepo tangu mwaka 2009.

Ukiifuta yote miwili, kila shamba litapata dakika zinazolingana na ukubwa wake, na Liao na kikokotoo chake hawatakuwa na neno.

Lakini mashamba ni ya nani mimi sijui. Safari hii nauliza kwanza.

Yi-hsun


Houbi, 12 Januari 2024

Yi-hsun,

Si kosa.

La tisa ni la Mzee Hung. Mfereji unaopita kwake umepasuka chini tangu tetemeko la zamani, unavuja, na chama cha maji kimeahidi kuujenga upya tangu binti yangu alipokuwa sekondari. Nusu ya maji yake huishia mchangani. Hung hajawahi kulalamika kwamba hayamtoshi, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini.

La kumi na moja ni letu.

Kwa miaka kumi na mitatu kona ya mwisho ya shamba letu ilikuwa inageuka manjano mapema. Nilimwambia Chin-fa anatunza malango ya watu wote, lake linamshinda. Nilimwambia hivyo mbele ya dada zake, wakati wa mwaka mpya, meza imejaa. Alicheka akaniongezea supu.

Sijui nifanye nini tarehe 20. Nikiifuta, Mzee Hung anakauka. Nikiiacha, nitasimama mbele ya watu na karatasi ambayo si ya haki, nikijua. Yeye aliweza kunyamaza. Mimi nadhani siwezi.

Pi-yun


Taichung, 13 Januari 2024

Mama,

Nimeandika jibu mara nne na kulifuta mara nne. Msimbo najua kukueleza. Hili sijui.

Ninachojua ni kwamba mistari hiyo sasa unaweza kuiandika upya kwa namna yoyote utakayoamua, bila kuniuliza mimi wala mtu yeyote. Septemba usingeweza.

Yi-hsun


Houbi, 7 Februari 2024

Yi-hsun,

Samahani kwa kukuweka roho juu. Nilitaka maji yafunguliwe kwanza, nisije nikakuandikia mapema halafu ikawa aibu.

Mkutanoni nilisimama na karatasi yangu. Niliwasomea mistari yote miwili kama ilivyo, maana yake, na mwaka ilipoandikwa. Mzee Hung aliinuka, mkono wake bado haunyooki vizuri, akasema hakujua. Alisema alidhani ni mpunga wake tu uliokuwa mvumilivu.

Nikawaambia nilivyokusudia: upotevu wa mfereji wa Hung ubebwe na mashamba yote kumi yaliyobaki, kila moja dakika nne, kuanzia la Mzee mwenyewe, hadi siku mfereji utakapojengwa. Nikawaambia programu nimeshaiandika hivyo, na kwamba wakikataa nitaiandika vingine, lakini wakikataa waseme kwa sauti, mmoja mmoja, majina yao niyaandike. Liao alibonyeza kikokotoo chake muda mrefu sana. Mwishowe akasema, “Dakika nne si kitu. Mimi hupoteza zaidi ya hizo nikitafuta viatu.” Watu wakacheka, na kwa kweli kura ilikwisha hapo.

Jana walifungua maji. Nilikwenda na saa ya mkononi nikasimama langoni tangu asubuhi, kila shamba, nikiwa na karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Kwa Hung maji yalimaliza shamba zikiwa zimebaki dakika mbili. Liao ndiye aliyemshikia Mzee koleo.

La kwetu lilifunguliwa la mwisho. Mwaka huu nimelikodisha kwa mpwa wangu, lakini nilimwomba aniache nilifungue mwenyewe. Lango ni zito, sikuwa najua. Nilitembea kwenye tuta sambamba na maji, polepole kama yalivyokuwa yanakwenda, yakipita mahali ambapo kwa kawaida huishia. Nilitaka sana kumkaripia mtu. Nikaendelea kutembea nayo mpaka kona ya mwisho, nikasimama pale huku yakiniingia kwenye mabuti, na sikuondoka.

Hsieh Pi-yun